Baba Ameadhini Kisiwani

Kilwa

Mama yangu, shikamoo.

Picha ya kadi hii usiijali, dukani wanauza kadi za boma la Wadachi tu. Jana nilimpeleka Baba Kisiwani, akauone msikiti mkuu wa zamani. Paa limebomoka na mbuzi walikuwa wamelala kiblani. Baba akawaswaga taratibu, akasimama mahali pao. Unajua tangu tumzike kaka Idi hajaadhini tena, hata wazee wa msikiti wetu wa Mwembesongo walipomsihi.

Akaniuliza, “Adhuhuri imeingia?”

“Imeingia, Baba.”

Akatia vidole masikioni, akaadhini. Sauti ilianza kwa kukwaruza, kisha ikafunguka, ile ile yake. Wanaume waliokuwa wakipalilia mihogo karibu na pale wakaacha majembe, wakatawadha, wakajipanga nyuma yake. Mimi nilibaki nje ya ukuta, nalia na kucheka. Baadaye wakatuchomea muhogo, na Baba akala mpaka akaomba mwingine.

Wakati wa kurudi akaniambia, “Mama yako usimwambie. Nataka asikie mwenyewe.”

Nimeshindwa kunyamaza, Mama. Akifika nyumbani, jifanye hujui.

Mungu akutunze, nakupenda sana.

Mwanao,
Zena