Sweta Mia na Kumi

Chumba cha Cherehani,
Nyuma ya Tangi la Maji.
Jumamosi, 14 Februari.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Wifi na watoto hawajambo? Na mgongo wako umetulia, au bado unabeba mizigo ya watu ukidhani una miaka ishirini? Sisi huku wazima. Mama anakohoa kidogo, ila sauti ya kugomba iko palepale.

Umeniuliza kama binti yangu Karani aje kwako asome shule ya huko, na jibu unalitaka kabla ya Ijumaa. Nisikilize kwanza, maana tangu juzi sikai nikatulia. Nakata kitambaa, naacha, naenda dirishani, narudi.

Unaikumbuka shule ya upande wa pili wa barabara, yenye maktaba. Kutoka mlangoni kwangu mpaka getini kwao ni hatua mia tatu na kumi na mbili. Lakini miaka yote mpaka wa mitaa inayopokelewa shule hiyo ulipita katikati ya lami, watoto wetu wakawa wanakwenda ile ya bondeni, dakika hamsini kwa miguu, dawati la wawili wanabanana wanne.

Mwaka huu mpaka ulisogezwa, mtaa wetu ukaingia. Watoto thelathini na wanane wakapokelewa darasa la kwanza, Karani akiwemo. Nilifurahi, sikufichi. Nilimshonea sketi yenye pindo la vidole vinne ili aivae miaka mitatu.

Juzi ikaja oda ya sweta za darasa la kwanza. Unajua nilivyoipata kazi ya shule hiyo: miaka tisa, nilianza barazani na cherehani moja ya kuazima, leo ninazo nne. Oda inasema sweta mia na kumi, zidariziwe nembo mfukoni. Mkondo A ishirini na nne, B ishirini na tano, C ishirini na tatu, hao nembo ya bluu. Mkondo D thelathini na nane, nembo ya kijani. Nikasoma majina ya D mara mbili. Wote ni watoto wa mtaa wetu, na darasa lao ni lile la nyuma lenye mlango wake peke yake.

Nikamfuata mwalimu mkuu na karatasi mkononi.

"Mama Sare, hao tuwape muda wazoee kwanza."

"Wamzoee nani, mwalimu, na wako peke yao?"

Akacheka kidogo, akasema wazazi wengine wametishia kuhamisha watoto. Nikamwambia mia na kumi gawa kwa nne: madarasa mawili ya ishirini na saba, mawili ya ishirini na nane, na hakuna atakayebanwa.

"Hesabu unazijua, mama," akanijibu. "Watu ndio huwajui."

Kaka, mimi niliyewapima viuno watoto wa pande zote mbili kwa miaka tisa, ndimi nisiyejua watu.

Basi nimedarizi, usiku na mchana. Zote mia na kumi, nembo ya bluu. Jumatatu saa moja nazipeleka mwenyewe. Kazi naweza kuipoteza, na mafundi wangu wawili wanalijua hilo; tangu asubuhi hawanitazami usoni. Najua pia kwamba watoto wanaweza kubaki chumba kilekile cha nyuma, wamevaa bluu. Ila anayetaka kuwatenga itabidi sasa asimame mstarini, amuulize mtoto mmoja mmoja anakaa wapi, wazazi wakisikia.

Mama anasema niache ubishi, nikuletee mtoto yaishe. Kuna saa namwona ana haki.

Jana mchana nikamweleza Karani habari ya kuja kwako. Akaacha kula, akaniuliza, "Kwani mjomba anakaa upande gani?"

Swali lake nakuletea lilivyo. Nijibu wewe, kabla ya Ijumaa, na unieleze kweli: huko kwenu wanao wanakaa darasa moja na nani? Ukinijibu, nami nitakujibu.

Nisalimie wifi, wanao wote, na baba mkwe wako Mzee wa Redio. Mwambie koti aliloniagiza nimshonee nalikumbuka. Mungu akulindie mgongo na akurudishie usingizi, na mimi anigawie kidogo.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa na hasira,

Mama Sare