Homa Yangu Imefundishwa Darasani

Shoga, kama mwanao anasomea mawasiliano, usimtumie ujumbe wa sauti. Nakuonya.

Ule wa Jumamosi, niliomtumia binti yangu amwambie shangazi yake nina homa, siwezi kwenda kumsaidia kuhama, kautoa kama mfano darasani. Eti mama ndiye mtumaji, homa ndiyo ujumbe, na kelele zinazouharibu ni redio na mimi na wewe tunavyocheka. Tunacheka, shoga, na inasikika.

Mwalimu kamsifu. Kwa furaha binti kaiweka video ya somo hilo kwenye kundi la familia. La familia.

Sasa wifi yuko sebuleni, kaja na kipimajoto. "Toka nikupime, wifi. Mimi sina haraka."

Nimejifungia chumbani. Ukinijibu, andika. Usitume sauti.