Anguko Analokudai Mzee Morimasa

Baba yetu mpenzi, Yoshinari Okabe,

Mwaka umetimia tangu utuage, na leo machozi yatasubiri kwanza maana tuna habari! Gati jipya limekamilika, na kwa heshima yake mieleka ya sumo imerudi kisiwani.

Tunakukumbuka ukianika ngisi huku ukiimba vibaya, na yule mnono kuliko wote ukimwachia jirani mlangoni bila hata kubisha hodi. Ila zaidi tunakumbuka goti lako. Ulimwangusha Mzee Morimasa wa kijiji cha juu pambano la kwanza, goti likateguka hapo hapo, la pili lisipiganwe tena. Na hapa kisiwani Oki aliyeshinda la kwanza humwachia mwenzake la pili, watu warudi makwao bila kinyongo.

"Yoshinari! Anguko langu liko wapi?" alikupigia kelele kila mlipokutana dukani, hadi mkazeeka.

"Linaiva polepole pipani kama miso ya soya. Subiri!"

Ukaondoka hujalipa. Hilo lilituuma sana.

Basi mwanao Isao akapangiwa Kengo, mtoto wa Morimasa. Mama akamwambia, "Kaanguke mara mbili, mwanangu. Umlipie baba yako."

Loo, Baba, ungeona! La kwanza Isao alibwagwa chali, wala hakujifanya. La pili ikawa zamu ya Kengo kuachia. Kengo anataka kuanguka, Isao naye anataka kuanguka! Majitu mawili yamekumbatiana, kila mmoja anamvuta mwenzake amwangukie. Chumvi ya kutakasa ulingo inarushwa, watu hawana mbavu. Binti yako Fumiyo amepanda juu ya kreti: "Anguka, kaka! Anguka!"

Mara Mzee Morimasa akainuka na mkongojo wake.

"Wee Isao! Ukithubutu kuanguka nakuchapa! Anayedaiwa ni baba yako, si wewe. Ukinilipa leo, nitakapomfuata huko nitaanza naye vipi?"

Isao akasimama imara, Kengo akajiangusha. Mzee akaketi akilia, nasi tukalia naye, kisha tukashangilia mpaka sauti zikakauka.

Kwa hiyo liuguze goti lako, Baba. Anakuja, ingawa anasema hana haraka.

Unakumbukwa na mkeo Hatsue, wanao Isao na Fumiyo, wajukuu zako wote, na Mzee Morimasa, aliyekuja mwenyewe kudai jina lake liandikwe hapa.

Daima utakumbukwa, na daima utadaiwa.