Yesu na shule ya jioni

Shoga, usinipigie. Mama mkwe yuko sebuleni, nami nimejificha jikoni.

Unakikumbuka kile kitabu nilichoazima kwa mwenzangu darasani, kinachodai Yesu alikwenda kusoma mbali huko mashariki, ile miaka ambayo Biblia imeinyamazia? Mimi hata sijui kama nakiamini. Ila binti yangu alikuwa analia kila jioni nikishika mkoba kwenda darasani, nikamwambia hata Yesu alimwacha mama yake akaenda kusoma.

Leo kanisani mwalimu wa watoto kawauliza Yesu alifanya nini ujanani. Wangu kasimama: "Alikuwa shule ya jioni, kama mama."

Shule ya jioni, shoga. Na bibi yake kakaa pale pale.

Mama mkwe hakugomba, heri angegomba. Tulipofika nyumbani akasema taratibu, "Mwanangu, kama hayo ndiyo mnayofundishwa, mimi sitakulelea mtoto ili wewe ukapotee. Kuanzia kesho tafuta mwingine."

Kesho ndio mtihani. Na huyo mwingine unajua sina.

Nilitaka kumwambia tunasoma hesabu na biashara tu, lakini mtoto akaniwahi. Akaniuliza, "Mama, kwani ulinidanganya?" Wote wawili wakanitazama. Nikakimbilia huku jikoni, shoga.

Sasa hivi mtoto kaja huku jikoni na mkoba wangu. Anasema yeye ni mkubwa, kesho hatalia nikiondoka.

Nimeupokea. Nimeshindwa kumwambia siendi.