Nilipotakiwa kumfukuza Bernadette kwa Kiswahili

Jumatano, Garland. Joto la leo halina adabu, na mimi pia sina.

Jana jioni nilikuwa darasani Plano, mji wa jirani. Nasomea shahada ya uzamili ya usimamizi na kampuni inanilipia sehemu ya karo, kwa sababu meneja wangu, Greg, anaamini nitakuja kuwa kiongozi. Mada ilikuwa chimbuko la nadharia za usimamizi. Mwalimu alitueleza jinsi wahandisi wa zamani walivyosimama nyuma ya wafanyakazi na saa mkononi, wakipima hata mkono unavyonyanyuka, wakaamua kwamba kufikiri ni kazi ya ofisi na kubeba ni kazi ya wengine. Baadaye wakaja watafiti wakagundua, eti, kwamba mfanyakazi ni binadamu, akisikilizwa anajituma zaidi. Kisha zikaja timu, maono, utamaduni wa kampuni. Aliisimulia kama hadithi ya watu wanaozidi kuwa wema.

Niliitikia kwa kichwa kama mjinga.

Leo asubuhi Greg akaniita kwenye chumba cha mikutano. Bernadette alikuwa ameshakaa. Ni mama wa Kirundi anayepakia maboksi katika ghala letu tangu kabla sijaajiriwa, na Jumapili tunasali kanisa moja. Tangu afanyiwe upasuaji wa bega amepunguza kasi, na skana anayoivaa mkononi inarekodi kila boksi na kila anaposimama kupumzika. Hiyo skana ndiyo iliyomshtaki. Mimi niko ofisi inayoshughulikia mambo ya wafanyakazi, na kwa kuwa Kiingereza chake ni kidogo, Greg alitaka nitafsiri.

Greg aliongea kwa upole unaotia kichefuchefu. Alisema sisi ni familia. Alisema kampuni inampa Bernadette nafasi ya kutafuta mahali panapomfaa zaidi. Ningetafsiri hivyo hivyo, yule mama angetoka akidhani anahamishiwa idara nyingine.

"Mama, wanakufukuza kazi," nilimwambia. "Wanasema uko polepole."

Alinitazama mimi, si Greg. "Na bega langu, umewaambia?"

Nikamuuliza Greg. Akajibu kwamba anasikitika sana kuhusu bega, lakini si yeye anayeamua, ni mfumo. Na uzuri wa mfumo, akasema, ni kwamba haumjui mtu, kwa hiyo haumwonei mtu.

Niliwachukia wote kwa mpigo, yeye, mwalimu wangu na vitabu vyangu. Yule mhandisi wa zamani angalau alilazimika kusimama pale kwenye vumbi, mtu akageuka akamwona uso. Huyu wa leo anapima watu akiwa hayupo, halafu anatuma mtu mwenye lugha yao akawabembeleze.

Nilimwambia Bernadette asisaini chochote. Nilimwambia iko ofisi ya serikali inayopokea malalamiko ya wafanyakazi, haitozi kitu, na nitampeleka mwenyewe kwa gari langu. Greg akauliza mbona tafsiri imekuwa ndefu. Ningeweza kudanganya. Nilimweleza yote kwa Kiingereza, neno kwa neno.

Hakufoka. Alifunga kompyuta yake taratibu, akaniomba nitoke nje.

Jioni hii imekuja email. Kesho asubuhi nikutane na Greg pamoja na bosi wake. Sijui kama bado nina kazi. Bila kazi hakuna karo, na visa yangu ya kuishi nchi hii sitaki hata kuiwaza.

Muda mfupi uliopita Bernadette amenipigia. Hakunishukuru. Aliuliza kama na mimi wamenifukuza, nikamjibu kwamba bado sijui.

"Sawa, dada," akasema. "Ukitoka huko kesho, uje kwangu ule kwanza. Mengine tutayaongea umeshiba."

Naogopa, siwezi kulificha hilo hapa. Lakini nimekaa nikitafuta sentensi ya kumwomba Greg radhi, na sijaipata. Nadhani sitaipata.