Koti la Bendi Limembana Baba

Corinne,

Ukirudi kutoka kazini, soseji ziko kwenye friji. Mbwa ameshakula, usidanganywe na macho yake. Funga madirisha, mvua inanukia.

Tumetangulia kwenye tamasha, kule kando ya mto Mississippi, tutandike blanketi karibu na jukwaa. ~~Ukipenda, baki na simu yako.~~ Hapana, nisikilize kwanza.

Asubuhi baba yako alipovaa koti lake la zamani la bendi ya leo na vifungo vikagoma, ulicheka: "Kwani hao wazee wa muziki wa bluzi bado hawajazikwa?" Naye akacheka. Ulipotoka tu akalivua. "Lorelle, nenda peke yako," akaniambia. "Mimi mambo haya yamenipita."

Mwanangu, nyimbo za wazee hao ndizo alizokuwa akikubembelezea ulipokuwa mchanga, tumbo likikusumbua hadi kunakucha.

Nimemwambia alivae bila kufunga vifungo. Sasa yuko garini ananipigia honi kama kijana.

Nyuma ya kopo la sukari kuna tiketi ya tatu. Aliinunua tangu Januari, akaona haya kukualika. Wazee hao wanapanda jukwaani saa moja jioni. Usihangaike kuomba radhi. Njoo tu, ukae katikati yetu.

Mama