Nani Aliziamuru Fito?

Kemunto mjukuu wangu,

Hapa Nyaramba tuko wazima. Nyanya yako ametoka hospitali na ameshaanza kugombana na kuku, kwa hiyo sasa nalala vizuri.

Umeniandikia kwamba ndani ya seli kuna nyuzi zinazoishikilia, zinajijenga na kujibomoa, ukauliza nani huziamuru. Sayansi yenu siijui. Ila miaka ya sitini nyumba ya mama yangu ilibomoka, na mvua ilikuwa karibu. Majirani wakaja kwa risaga, ile kazi yetu ya kusaidiana. Mimi, kwa kuwa nimesoma, nikaanza kuamuru kila ufito. Watu wakaacha kazi, wakaningoja mimi. Shangazi akanipa mtungi.

“Nenda mtoni, baba. Usiharakishe.”

Niliporudi, kuta zilikuwa zimesimama. Kumbe kila mtu aliangalia ufito wa mwenzake tu, akafunga wake hapo. Uliokosa pa kushika ulichomolewa, ukapelekwa kwingine. Nadhani na nyuzi zako ni hivyo.

Jioni mvua ilimkuta mama chini ya paa jipya. Alinishukuru sana, kwa maji.

Babu yako